Umefikia Nyumba Gani?

Watu wakisikia kwamba Nafissa alisomea usimamizi wa utalii, tena shahada ya uzamili, Ufaransa huko, hunicheka. Kwani utalii nao husomewa, Bi Moina? Husomewa, ndiyo. Husomewa mpaka macho yanauma. Na kwa ajili ya masomo hayo mimi niliibiwa ndani ya nyumba yangu, mchana kweupe, na aliyemkaribisha mwizi ni mimi mwenyewe kwa mdomo wangu huu. Nikianza kulieleza jambo hili damu hunichemka, basi mnivumilie.

Mimi ni Mngazija wa Unguja. Nilizaliwa kule, nikarudi Moroni mtu mzima baada ya mwaka wa sitini na nne, ndiyo maana nagombana kwa Kiswahili vizuri kuliko lugha nyingine yoyote. Nyumba yangu iko Badjanani, hatua chache kutoka Msikiti wa Ijumaa wa zamani, kwenye kichochoro ambacho wanene wawili wakikutana lazima mmoja arudi nyuma. Kazi yangu ni kudarizi kofia. Nafissa ni mtoto wa dada yangu, na baba yake alikuwa mtu wa Mutsamudu. Dada alipofariki mtoto ana miaka tisa, nikamchukua. Ananiita mama, kwa sababu kwetu dada wa mama ni mama, hakuna mjadala.

Alikuwa mtoto wa maswali. Kwangu wageni hawakatiki, leo wa Madagaska, kesho wa Marseille, keshokutwa wa Unguja. Watoto wenzake walikimbilia zawadi. Yeye alikaa na mgeni akamuuliza alilala wapi njiani, alipewa chakula gani, nani alimpokea bandarini. Kwa hiyo alipopata nafasi ya kusoma sikushangaa. Aliniambia ni elimu ya kupokea wageni kwa mpango. Nikamwambia hiyo hata mimi ninayo, ila hakuna aliyenipa cheti.

Mwaka wa themanini na tano akarudi kufanya utafiti wa tasnifu yake. Kinachotakiwa nilikielewa vizuri, maana alinieleza mara mia: ahesabu wageni wanaoingia visiwani, ajue wamekuja kufanya nini na wanalala wapi, kisha idara ya utalii igonge muhuri kwenye takwimu zake. Bila muhuri ule chuo hakitazikubali, na bila takwimu hakuna tasnifu, wala hakuna shahada. Miaka sita ya kusoma ilikuwa inangoja kipande cha mpira chenye wino.

Mkurugenzi wa idara alikuwa Salimou, mtoto wa kichochoro hiki hiki. Alikulia miguuni pangu, akala sahani moja na Nafissa. Alifurahi kumwona dada yake karudi msomi. Akampa ruhusa achukue kadi za abiria za kiwanja cha ndege cha Hahaya, zile ambazo kila anayeshuka hujaza jina, sababu ya safari na mahali atakapokaa. Zilikuwa maboksi mawili makubwa, za miaka sita, zimeliwa na mende. Akamwambia atafurahi mwenyewe, kwa sababu watalii wameongezeka mara mbili na idara inataka kuwaonyesha matajiri wa kigeni wajenge hoteli.

Tukazimwaga kadi ukumbini kwangu. Nafissa alipanga kwa miaka, mimi nikamsaidia, ingawa Kifaransa cha kusoma sikijui. Lakini mimi nimedarizi kofia miaka thelathini. Niwekee kofia ishirini mezani nitakwambia hii kaishona fulani na ile kaishona fulani, kwa jinsi sindano ilivyopita tu. Basi siku ya tatu mwandiko mmoja ukanikaa machoni. Herufi imelala upande, mkia wake mrefu kama wa panya. Nikaiweka pembeni. Baada ya saa moja nikauona tena, jina lingine. Kufika alasiri nilikuwa na kadi kumi na moja za mkono ule, majina manne.

Nikamwita Nafissa. Aliziangalia, kisha akasoma mahali pa kukaa: kambini. Zote kambini. Sababu ya safari: utalii.

Sijui kama mnakumbuka siku zile zilivyokuwa. Tangu sabini na nane nchi yetu ilikuwa na wazungu wa kukodiwa. Walikuja na bunduki zao, wakaondoa serikali, wakaweka nyingine, halafu wakasahau kwenda kwao. Sare zao nyeusi, kambi yao wenyewe, magari yao yakipita mjini watu wananyamaza mpaka vumbi litulie. Sasa kumbe kila wanapokwenda kwao kupumzika na kurudi, wanajaza kadi kwamba ni watalii. Anayetoka leo kurudi mwezi ujao ni mtalii mpya. Mwenye pasi mbili ni watalii wawili. Jamani! Mtu kaja kukukalia kichwani, halafu wewe unamhesabu kuwa ni baraka.

Tulihesabu wiki mbili nzima. Katika kila watalii kumi wa idara, sita walikuwa ni hao. Wageni wa kweli walikuwa wachache, na karibu wote walikaa kwenye nyumba za watu. Nafissa hakukasirika kama mimi. Macho yalimwaka, akaniambia tasnifu yake sasa ndiyo imeanza, maana amegundua mgeni wa Komori ni nani.

Kosa lake la kwanza lilikuwa adabu. Akaenda kumwuliza Salimou kabla ya kuandika, ili asimwaibishe. Nami nikafuatana naye. Salimou alisikiliza, akafunga mlango wa ofisi. Kisha akatoa karatasi kwenye mtoto wa meza. Ilikuwa ni jedwali la watalii, safi, limepigwa taipu, limegongwa muhuri tayari. Alimwambia Nafissa alichukue, aliweke kwenye tasnifu kama lilivyo, arudi chuoni kwa salama. Nafissa akajibu kwamba jedwali hilo ni la uongo. Salimou hakubisha. Alimsihi tu asiwaambie watu. Tukatoka bila jedwali, nikadhani yamekwisha.

Siku nne baadaye, Alhamisi asubuhi, Nafissa yuko posta, nikasikia hodi. Mlangoni amesimama mzungu. Nasema nilimjua? Nilimjua. Mzungu gani mwingine Moroni mwenye shingo ile na nywele zilizonyolewa vile? Lakini hakuja na sare. Alivaa shati la kawaida, na kichwani kofia, kofia ya mkono hasa, kazi ya miezi. Akanisalimia kwa lugha yetu, akavua viatu. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba alivua viatu. Laiti angeingia na mabuti yake ningepiga ukelele Badjanani nzima ikaja. Akasema jina lake Elamine, walipenda kujipa majina yetu wale, na kwamba yeye ni mgeni.

Sasa kwetu mgeni haulizwi. Mtu akisema mimi mgeni, unamkaribisha, unamtandikia mkeka, unampa chakula, na ni mpaka anawe mikono na kunywa chai ndipo unaweza kumwuliza: haya, habari ya huko utokako, una shida gani? Kumwuliza kabla ni kumfukuza. Mama yangu hakuwahi kuuliza, wala bibi yangu. Na yule mwanaharamu alilijua hilo. Alikuwa amekaa nchini miaka saba, amejifunza kila kitu chetu isipokuwa kuona haya.

Nikajiambia, Moina, mpe chakula, atakula, halafu utamwuliza na utampa vidonge vyake. Nikampakulia wali na mataba, kisamvu chetu cha nazi, na kipande cha samaki niliyemweka kwa ajili ya Nafissa. Akasema bismillahi. Akala vizuri, akasifu nazi. Nikaenda jikoni uani kuchemsha chai ya mchaichai, na moto siku ile ulikuwa mkaidi, nikaupuliza, nikaupuliza tena. Nilipotoka na sinia, ukumbi ulikuwa mtupu. Maboksi mawili hayapo. Madaftari ya Nafissa hayapo. Kurasa mia na kitu alizokwisha kuandika kwa mkono, hazipo. Jirani yangu wa mbele, Djoumoi, aliona wanaume wawili wakibeba maboksi kuelekea gari lililosimama mwisho wa kichochoro. Alidhani nahamisha vitu. Sahani yule mzungu alikuwa ameiweka dirishani, tupu. Alimaliza kula kwanza.

Nafissa aliporudi nilimwambia yote, sikujificha. Nilitaka anipigie kelele. Hakunipigia. Alikaa chini ukumbini pale pale zilipokuwa kadi, akaegemeza kichwa ukutani, na alichouliza ni kama mgeni alishiba. Wallahi ningependa anichape kofi.

Nikatoka kama nilivyo, leso begani, mpaka ofisini kwa Salimou. Sikungoja kuitwa.

"Salimou," nikamwambia, "ulikuwa ukija kwangu na kamasi puani nikakupangusa kwa kanga yangu. Leo umewaonyesha wale watu mlango wangu?"

Hakuniangalia. "Waliniuliza kadi ziko wapi, mama. Ningesema nini? Na mimi sikuwaingiza ndani. Wewe ndiye uliyemkaribisha."

Akatoa tena lile jedwali lenye muhuri, akaniomba nimpelekee Nafissa. Alisema mtoto apate shahada yake, maisha yaendelee, kadi haziko tena na hakuna atakayejua. Nililichukua. Msinitazame hivyo. Nililichukua nikalileta nyumbani nikaliweka mbele yake, kwa sababu mimi ndiye niliyempotezea kazi yake, na zilibaki wiki saba arudi chuoni.

Nafissa akalisoma, akalikunja, akaniambia kwa sauti ndogo, "Mama, nikilipeleka hili nitakuwa nimesoma miaka sita ili nijifunze kuwaita hawa wageni."

Ndipo alipomkumbuka ami yake, Ibouroi, binamu wa marehemu baba yake, karani wa kiwanja cha ndege cha Ouani kwenye kisiwa cha Ndzuani. Hatukupanda ndege, tusije tukajaza kadi na sisi. Tulikwenda na boti ya mizigo, nikatapika njia nzima, tukashukia Mutsamudu tumechoka. Tukaambiwa Ibouroi kasimamishwa kazi mwezi uliopita, na kwamba anakaa Mirontsy, mji wa pembeni, kwenye nyumba ya mkewe Zoubeda.

Ibouroi ni mtu mwembamba, mtaratibu, wa kukuudhi kwa utaratibu wake. Akiulizwa saa anakwambia na sekunde. Kazini alikuwa na daftari lake mwenyewe, mbali na makaratasi ya serikali. Kila abiria akishuka, alimwuliza swali moja kabla ya mengine: umefikia nyumba gani? Hakuwa mpelelezi. Mizigo huchelewa kila siku pale, barua nazo, na yeye lazima ajue amfikishie mtu nyumba gani. Basi akapiga mstari daftarini, jina, tarehe, na safu ya nyumba. Fulani, kwa Fatouma wa Hampanga. Fulani, kwa wakwe zake Domoni. Wale wazungu walipoanza kushuka Ouani kila wiki kuja kustarehe, aliwauliza swali lile lile, wakamcheka. Kwenye safu ya nyumba akaandika: hana mwenyeji. Miaka sita. Hana mwenyeji, hana mwenyeji, ukurasa baada ya ukurasa, kwa mwandiko mzuri.

Mkubwa wake aliliona ndipo akasimamishwa. Wale wazungu walikwenda kulitafuta daftari nyumbani kwake. Na hapa nilicheka kwa mara ya kwanza tangu ile Alhamisi. Karatasi za serikali zinasema nyumbani kwa Ibouroi ni Ouani, nyumba ya mama yake, kwa sababu ndiko alikozaliwa na hakuna aliyewahi kubadilisha. Wazungu wakaipekua nyumba ile mpaka paa, wakamtia hofu kikongwe wa watu. Hawakujua kwamba mwanamume kwetu huishi kwa mkewe, nyumba ni ya mwanamke. Vitu vyake vyote vilikuwa Mirontsy, kwenye kasha la nguo la Zoubeda. Miaka saba nchini, wakajifunza kula chakula chetu tu.

Zoubeda hakutaka kulitoa daftari. Alikuwa na haki. Mumewe hana kazi, na sisi ndio tunaokuja na balaa. Nafissa hakumbembeleza. Alimweleza tu nini kimetokea Badjanani, na nani alikula nini. Zoubeda akanigeukia mimi.

"Ulimpa na samaki?" akaniuliza.

Nikasema ndiyo. Akainuka, akafungua kasha.

Siku Nafissa aliposafiri kurudi Ufaransa, kule Hahaya walimfungulia sanduku, wakakung'uta kila kitabu, wakapapasa mpaka viatu. Nyuma yake kwenye foleni alikuwepo mama mmoja wa Kindzuani anayesema anakwenda kumtembelea mwanawe, kajifunika shiromani nyekundu na nyeupe, kajipaka msindzano wa njano uso mzima, mzito wa maneno. Hakuna aliyemgusa. Mama huyo ndiye Zoubeda, na alikuwa hajawahi kupanda ndege maisha yake yote. Alikwenda na daftari kiunoni mpaka Reunion, Nafissa anakobadilisha ndege, akamkabidhi Nafissa, akarudi kwa ndege iliyofuata, na mpaka leo husema viti vyake ni vibaya.

Kuhusu mtihani wenyewe Nafissa alinihadithia kwa barua. Walikaa maprofesa watatu. Mmoja akasema daftari la karani halina muhuri, haliwezi kuwa takwimu, na kwamba serikali imetuma jedwali lake rasmi, kwa nini hakulitumia? Msimamizi wake akamwuliza ana uthibitisho gani. Nafissa akafungua daftari akawasomea ile safu ya nyumba, kwa lugha yetu, kisha kwa Kifaransa, mstari kwa mstari, bila kuongeza neno. Alisoma robo saa. Walimpa shahada. Alama ya chini, lakini walimpa.

Na hapa ndipo mtu angesema alhamdulillahi tukamaliza. Hatukumaliza. Salimou alinitumia ujumbe kupitia mama yake: Nafissa asirudi, jina lake liko kiwanjani kwenye orodha ya wanaotafutwa. Miaka minne hakurudi. Msomi wa kupokea wageni, hana ruhusa ya kupokelewa kwao! Alifanya kazi ya kupanga funguo kwenye hoteli ya watu huko. Mjomba wake akafa, hakuzika. Mimi nikavunjika mkono, akasikia kwa barua iliyochukua miezi miwili.

Nami katika miaka ile nikaharibika. Mtu akipiga hodi, mdomo hutangulia. Umekuja kufanya nini? Umetumwa na nani? Unataka nini hapa? Nawauliza wamesimama juani, mizigo kichwani. Ndugu wa Majunga waliponijia walitazamana, wakakaa kidogo, wakaondoka kabla ya adhuhuri. Djoumoi akaniambia kistaarabu kwamba watu wanalalamika. Nikamjibu walalamike. Wageni wakapungua, kisha wakakatika.

Wazungu wale waliondoka mwisho wa themanini na tisa, wakapandishwa ndege wote pamoja, na hakuna aliyewajazisha kadi. Wiki chache baadaye, mimi niko ukumbini na kofia mapajani, nikasikia hodi. Mlangoni jua lilikuwa nyuma yake, sikumwona uso. Mwanamke, miwani, begi.

"Umekuja kufanya nini?" nikasema.

Akavua viatu. Akaweka begi chini.

"Nimekuja kula, mama," akasema Nafissa.

Shahada yake nimeitundika ukutani, mjue nilivyojivunia. Jina lake limeandikwa kwa wino mweusi, na muhuri upo, mkubwa kuliko wa Salimou. Wageni wanakuja tena, Nafissa anawapanga kwenye nyumba za mtaa, na mimi najikaza nisiwaulize. Lakini mtoto niliyemlea kwa mikono hii, aliyengoja miaka minne kufika kwenye mlango ule, nilimwuliza amekuja kufanya nini. Karatasi zake alizipata nyingine. Ile karibu yangu isiyouliza, yule mzungu hajairudisha, na simsamehe.